Neno Hurudi kwa Miguu

Wanangu, nimesikia mtaa umewapa megafoni mpya, ile nyekundu yenye king'ora, ili volkano ikianza tena ninyi ndio muwaonye watu. Na nilisikia pia mlivyoijaribu Jumapili baada ya misa. Mbuzi wa jirani alikata kamba akaingia kanisani, nanyi mkacheka mpaka mkakaa chini. Kwa sababu mlikuwa mnacheka hamkuona jambo moja: wazee wa barabara yenu waliingia ndani wakafunga milango, mmoja baada ya mwingine. Labda mlidhani kelele imewaudhi. Si kelele. Ni mimi, na ndiyo maana mmenikuta tayari nimekaa nawasubiri.

Mmeniomba niwafundishe kazi, nami nitawafundisha. Nilikuwa mtangazaji wa mtaa huu wa Murara, hapa Goma, tangu sijaota ndevu hadi meno ya mbele yaliponikimbia. Asiye na meno ya mbele hawezi kutangaza. Maneno yanamponyoka, na mtu aliyefiwa hapendi kutemewa mate. Nilitangaza misiba, harusi, mbuzi waliopotea, chanjo za watoto, siku ya maji na siku ya kukosa maji. Kisha vita vilipokuja nikatangaza mambo mengine, ambayo nitayafikia, msiniharakishe.

Aliyenifundisha ni Muzee Bahati. Yeye alitangaza kabla ya megafoni kufika, kwa kinywa kitupu na kengele iliyopasuka. Alikuwa mfupi, mwenye mguu mmoja mbovu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila ilifika mbali kuliko ya wenye vifua. Siri yake ilikuwa upepo. Asubuhi upepo wetu hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, kwa hiyo simameni juu ya mtaa, maneno yatateremka yenyewe. Alasiri hugeuka, basi nanyi shukeni chini. Tafuta ukuta wa mawe ya volkano, uweke mgongoni. Ukuta wa mbao hunywa sauti. Megafoni usiitie mdomoni kama chupa ya bia. Salimu kwanza, kisha nyamaza, ungoje mpaka usikie sufuria zinawekwa chini. Hapo ujue umepewa masikio.

Msiba una adabu yake. Taja kwanza avenyu, kisha ukoo, ndipo umtaje marehemu, ili mwenye kuzimia awe ameshapata pa kukaa. Hilo nililijifunza kwa kosa, na kosa lenyewe liliitwa Papa Kambale.

Mnajua ndugu zetu Wanande: mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, upende usipende. Kila nyumba yao ina Kambale wake. Asubuhi moja nikaletewa habari kwamba Kambale wa maharagwe amefariki. Mimi, kijana mwenye haraka, nikamfikiria Papa Kambale mwuza maharagwe wa karibu na soko, aliyetoka Butembo, tena mtu mkubwa, msiba wa kunipatia sifa. Sikuuliza. Nilitangaza mtaa mzima, nikataja na saa ya maziko. Nilipofika kona ya mwisho nikaona mtu mnene amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Weye kijana," akaniambia, "unazika mutu mbele amalize chai?"

Ndani mkewe alikuwa ameshaanza kulia, na wanawake wa kanisa walikuwa wanafika na vitenge vichwani. Aliyekufa alikuwa Kambale mwingine, maskini, wa maharagwe pia lakini wa shambani, huko njia ya Kibumba.

Muzee Bahati hakunipiga. Alininyang'anya megafoni akaiweka chini ya kitanda chake, akasema: "Neno linaenda na chuma, linarudi na miguu. Pita kila lango. Sema: nilisema hivi, haikuwa hivi, munisamehe." Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu, na sijaisikia mahali pengine. Ukitangaza uongo, hata kwa bahati mbaya, huruhusiwi kuusahihisha kwa megafoni. Unarudi njia ileile uliyopita, mlango kwa mlango, uso kwa uso. Papa Kambale alifuatana nami kama ushahidi, akipeana mikono na kila mtu: "Miye niko muzima, munishike!" Watu walicheka siku nzima. Mimi sikucheka, lakini nilipomaliza lango la mwisho moyo ulikuwa mwepesi. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilidhani nimeshajikwaa vya kutosha maisha yote.

Basi uasi ukaja, na pamoja na waasi wakaja wanajeshi wa nchi jirani. Ninyi mmezaliwa baadaye, lakini hali mnaijua, maana wenye bunduki wameondoka na kurudi mara nyingi kuliko msimu wa maharagwe. Kamba ikavutwa barabarani, miti miwili ya mikaratusi huku na huku, na mtu asiyemjua baba yako anakuuliza wewe ni nani na unaenda wapi katika mji wako mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa walikuja, nasi wenyeji tukaugua. Amri ilitoka kwa wakubwa wa mtaa, wakubwa wa mtaa waliipata kwa waasi, na waasi, kila mtu alijua, waliipata ng'ambo ya mpaka. Amri ikitoka mbali hivyo inahitaji mdomo wa karibu. Mdomo huo ulikuwa wangu.

Mwanzoni yalikuwa maneno madogo. "Mutulie, hali iko shwari." Nikisema hivyo, akina mama walikimbia kuchota maji. "Soko limefunguliwa, hakuna hatari." Maduka yakashusha mabati. Mtaa wote ulijifunza kunigeuza ndani nje, kama shati la kufua. Niliona. Nilijiambia hayanihusu, mimi ni sauti tu, mwenye neno ni mwingine. Na jioni nilipopita kwa Muzee Bahati kumsalimia, tulizungumza habari ya mguu wake.

Halafu Jumamosi ile ya salongo. Salongo mnaijua, ni kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, kila nyumba itoe mtu na jembe. Niliambiwa niwatangazie vijana wote wa kiume watoke, watakaosafisha mtaro mkubwa watapewa jezi za mpira. Nikapanda juu ya mtaa, upepo ulikuwa mzuri sana, nikaita: "Mutoke mote! Mutoke nje mote, sasa hivi!" Waliitika. Vijana walitoka na majembe wakicheka, wakigombania nani atavaa namba tisa. Espoir, mjukuu wa Muzee Bahati, alinipita akanigonga begani: "Papa Safari, leo umeamuka na sauti ya askofu!"

Nyuma ya shule kulikuwa na malori. Niliyaona nikiwa bado naita. Salongo gani inaanza na malori? Sikumwuliza mtu. Sikuuliza habari ya Kambale, na safari hii pia sikuuliza. Walipofika kwenye uwanja wa shule wakazungukwa, wakapakiwa na kupelekwa mafunzoni kuwa askari wa vita ambavyo si vyao. Majembe yalibaki pale chini. Akina mama walikuja kuyachukua, kila mmoja akilitambua la nyumba yake kwa mpini.

Baadhi ya vijana walirudi, baada ya muda, wamekonda, hawasemi. Espoir hakurudi.

Msidhani kwamba sasa naungama siri. Hakuna siri hapa, mtaa mzima ulinisikia, ndiyo kazi yenyewe ya megafoni. Nilikwenda mpaka lango la Muzee Bahati nikashindwa kuingia. Akatoka yeye, akijikokota. Nyuma yake alisimama binti yake, Mama Espoir, na lile jembe mkononi.

"Ulijua?" Muzee akaniuliza.

"Sikujua, Muzee."

"Uliuliza?"

Nikaanza kumweleza habari za jezi. Akainua mkono.

"Sasa sikia," akasema. "Siwezi kukukataza kazi, bunduki haiko ya miye. Lakini siku utakuwa na neno lako mwenyewe, neno la kweli, acha hiyo chuma. Kuja kwa miguu, ugonge mulango. Ile tutaamini."

Nikaitikia. Na Jumatatu nikarudi kazini. Nilijiambia nikiacha watamchukua mtu mbaya kuliko mimi. Kila aliyewatumikia alikuwa na sababu hiyohiyo, na huyo mbaya kuliko sisi hatukumwona kamwe, maana nafasi zote tulikuwa tumezijaza sisi.

Sasa volkano. Asubuhi ile mlima ulifunguka ubavuni, moshi ukapanda, ardhi ikawa inatetemeka mpaka vikombe vinahama mezani. Nilipandishwa nyuma ya gari dogo, na askari mmoja pembeni yangu, nikaambiwa niseme: "Mutulie, moto uko upande wa Kibumba, hautafika mujini." Nikasema. Mara nikaona watu wanafunga magodoro. Wallahi, ilikuwa mara ya kwanza uongo wangu kumsaidia mtu. Nusu ya Murara iliondoka kwa sababu nilisema isiondoke.

Waliobaki walikuwa na sababu ya kubaki: wagonjwa, wazee, na nyumba zenye vijana waliofichwa, ambao hawakuthubutu kupita kwenye kizuizi. Alasiri moto ulipofika uwanja wa ndege, wakubwa walikuwa wameshavuka mpaka. Askari akaniambia: "Sasa sema watoke." Tuliingia Murara kwa chini, kama alivyonifundisha Muzee, maana upepo ulikuwa umegeuka. Na safari hii neno lilikuwa langu. Nilikuwa na mke na watoto, nilikuwa nimeona kwa macho yangu mawe yanatembea. Nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Mutoke mote! Mutoke nje mote, sasa hivi!"

Mmelisikia hilo neno? Mimi sikulisikia. Mdomo ulilitoa kwa mazoea. Wao walilisikia. Nilianza kusikia makomeo. Kila tulipopita, mlango ukafungwa: ko, ko, ko. Mama mmoja alimvuta kijana wake kwa kola, akamrudisha ndani. Nami nikafanya lile ambalo mtangazaji mbaya hulifanya: nikaongeza sauti. Walikuwa hawajaacha kunisikia. Walinisikia vizuri mno.

Tukafika kwa Muzee Bahati. Mama Espoir alikuwa uani, amesimama, anatazama moshi. Nikamwita kwa jina. Nikasema, "Mwambie Muzee ni kweli! Leo ni kweli!" Alinitazama, mimi na askari wangu na chuma yangu. Akaingia ndani, akafunga.

Gari lilikuwa linakwenda polepole, barabara imejaa watu na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo. Hata mlevi angeshuka bila kuumia. Palikuwa na hatua chache kutoka gari hadi mlango ule, na agano lilikuwa jepesi: kuja kwa miguu, gonga. Askari hata hakuwa ananishika. Nilikuwa naogopa moto, naogopa bunduki, naogopa kuachwa. Nikabaki nyuma ya gari nimekumbatia megafoni, nikiita mpaka mpakani. Mwili wangu ndio uliokataa kushuka, nami sikubishana nao. Mnaniona nimezeeka, lakini nikifika hapo katika kusimulia bado natamani ardhi inimeze.

Tukavuka kwenda Gisenyi. Fikirieni: askari wa nchi ile wanatutawala kwetu, na sisi tunakimbilia kwao na magodoro vichwani. Sina neno baya kwa mama wa Gisenyi aliyenipa uji. Alinipa na kijiko akageuzia uso pembeni, ili nile bila kutazamwa, na nilielewa kwamba aibu yangu anaiona. Baadaye yule askari akanikuta. Akasema zimefika biskuti za watoto, nitangaze. Nikasimama mbele ya watu wa mtaa wangu wenyewe, waliokaa kwenye majani na njaa yao, nikasema waje wapokee. Hakuinuka mtu. Watoto walitaka kuja, mama zao wakawashika nguo. Kisha sauti moja ya mwanamke ikatoka katikati:

"Biskuti ya weye, kula na mabwana zako!"

Wakacheka, wanangu. Watu waliopoteza nyumba walicheka kwa ajili yangu. Nikaweka megafoni chini, na sikuishika tena kwa ajili ya wenye bunduki. Msinipongeze. Nilikuwa nimeshachelewa.

Watu wa mtaa hawakukaa Gisenyi. Mawe yalikuwa bado yanatoa moshi, wao wakarudi, wakisema afadhali kulala juu ya moto wa kwetu. Nami nikarudi nyuma yao. Mahali pa Murara niliyoijua palikuwa na uwanja mweusi uliovimba, hakuna avenyu, hakuna kona, ukuta wangu wa kuegemea umemezwa. Nikamkuta Muzee Bahati amekaa juu ya chukudu, mahali alipokisia kuwa palikuwa lango lake. Binti yake alikuwa amemsukuma juu ya chukudu ile mpaka mpakani na kumrudisha. Walitoka kwa mlango wa nyuma waliposikia mabati ya jirani yanapasuka kwa moto. Mama Espoir aligonga nyumba alizoweza, kwa mkono, huku anamsukuma baba yake. Wengi walimfungulia. Wazee wawili wa kona hakuwafikia. Hatukuwaona Gisenyi, wala Goma.

"Ulitangaza?" Muzee akaniuliza.

"Nilitangaza, Muzee. Hukunisikia?"

"Nilikusikia muzuri sana. Pumzi safi, neno moja moja, kama vile nilikufundisha. Ndiyo maana nilifunga mulango."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Akaninyooshea kidole mtaa usiokuwepo.

"Neno linarudi na miguu. Nenda."

"Barabara haiko tena, Muzee."

"Miguu iko."

Nikaenda. Soli za viatu vyangu zililainika, zikawa zinashika mawe kila ninapokanyaga. Watu walikuwa wametawanyika juu ya ule weusi, kila mmoja amesimama pale anapodhani pana kiwanja chake, wanapanga mawe madogo kuweka mipaka. Hapakuwa na malango, basi nikabisha kwa mdomo. "Hodi. Nilisema salongo, haikuwa salongo. Nilisema mutulie, hakukuwa na utulivu. Munisamehe." Wengine waliitika. Mmoja alinigeuzia mgongo, na mwingine alinisikiliza mpaka mwisho kisha akatema mate chini, pembeni, kwa heshima. Katikati ya njia nikasikia hatua nzito nyuma yangu. Alikuwa Papa Kambale. Safari hii hakupeana mkono na mtu yeyote. Alitembea nami tu.

Mama Espoir nilimweka mwisho, kwa woga. Alikuwa anapiga kigingi kwa jiwe. Nikasema maneno yangu yote, taratibu, bila kuruka. Alisubiri nimalize.

"Neno umelirudisha, Papa Safari," akasema. "Na Espoir? Ye utamurudisha na nini?"

Akaendelea kupiga kigingi chake.

Muzee Bahati alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani mwake, na msiba wake ulitangazwa na kengele ile iliyopasuka. Mimi niliombwa nisitangaze. Baadaye niliruhusiwa tena mbuzi na chanjo, kidogo kidogo, lakini mpaka meno yaliponitoka sikuwahi kusema neno "mutoke" ndani ya megafoni. Nanyi Jumapili, katika kuijaribu, mlisema nini? "Mutoke mote." Mlikuwa mnacheza. Milango ilifungwa hata hivyo.

Kwa hiyo ya upepo nimewapa, ya ukuta nimewapa, betri toeni msipoitumia zisioze ndani. Hayo ni rahisi. Lakini megafoni yenu nyekundu haitaokoa mtu mpaka nyuso zenu ziwe zimejulikana kila mlango, katika siku ambazo hakuna hatari na hamna cha kuomba. Na wenye bunduki wa sasa watakuja kuiazima, hilo mlijue. Watakuja kwa upole, wataanza na maneno madogo.

Kesho asubuhi tutaanza na Mama Espoir. Yuko palepale, juu ya mawe, katika nyumba ya mbao, na bado anaitwa kwa jina la mwanawe kila siku ya Mungu. Megafoni mtaiacha nyumbani. Mtagonga kwa mkono, mtasema majina yenu na majina ya mama zenu, kisha mtangoja. Mimi nitawasindikiza mpaka kwenye kona tu. Akiniona mimi mbele, hatafungua.